Panda Hana Treni ya Kuwahi

Mwanaume akishafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini kwa miaka mingi, usimkabidhi likizo. Kwake kila kitu ni kontena: kina siku ya kuingia, siku ya kutoka, na faini kikikaa sana. Baba Watoto ni wakala wa forodha Tanga, na safari yetu ya China aliipanga hivyo hivyo, kwenye karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili na kuvishwa nailoni isilowe. Siku ya panda ilikuwa upande wa nyuma. Saa 12:00, kuamka. Saa 1:30, langoni. Saa 3:00 hadi 3:40, kupiga picha na kufurahi. Saa 5:00, kutoka. Saa 8:40, treni ya Xi'an. Nilimuuliza kwa nini kufurahi kumepewa dakika 40 tu.

"Mama Watoto," akanijibu, "ukipenda unaweza kuendelea kufurahi ndani ya gari."

Kilichotupeleka China kilikuwa biashara. Mimi nauza vyombo vya nyumbani, na muuza vyombo asiyewahi kufika Guangzhou huwa anauziwa maneno na waliofika. Maonyesho makubwa ya mji ule hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba, na awamu ya vyombo na mapambo ya nyumba ndiyo ya pili. Ilipofungwa mwishoni mwa Aprili nikadhani tunarudi. Mwenzangu akasema nauli tumeshalipa, watoto wako kwa bibi yao, basi tuizunguke nchi kwa mtindo wa wale vijana wa kizungu tunaowaona wakishuka mabasi ya Lushoto na nyumba nzima mgongoni. Siku hiyo hiyo akanunua mabegi mawili makubwa. La kwake akaweka nguo. La kwangu akapanga sampuli zangu zote: mifuniko ya sufuria ya saizi mbalimbali, visahani, na chupa ya chai ya lita mbili. Nikipiga hatua nasikika nikija mithili ya ng'ombe mwenye kengele.

Halafu kukawa na Mei Mosi. Kwetu Mei Mosi ni fulana, maandamano, na hotuba ambayo watu huisikiliza wakingoja sentensi moja tu, ile ya mshahara. China Mei Mosi ni likizo ya siku tano, na kila mwenye miguu huitumia kusafiri. Jambo hili halikuwa kwenye karatasi. Tiketi za treni kule huanza kuuzwa siku 15 kabla ya safari, na za sikukuu hazikai sokoni. Baba Watoto alikesha na simu hotelini akizinyemelea, akaambulia viti viwili tu vya kutoka Chengdu kwenda Xi'an, mchana wa tarehe ile ile aliyokwisha kutulipia panda. Treni haikubadilika. Panda nao hawakubadilika, maana tiketi yao, yuan 55 kwa kichwa, kama shilingi 20,000 za kwetu, hukatwa kwenye simu kwa jina na namba ya pasipoti, na siku ikishajaa imejaa. Ndiyo maana mnyama mvivu kuliko wote duniani tulikwenda kumtazama tukikimbia.

Kituo cha panda kiko kaskazini mwa Chengdu, kwenye vilima vyenye mianzi mirefu inayofunga juu ya njia na kufanya kivuli. Kilianzishwa mwaka 1987 kikiwa na panda sita waliookolewa porini. Leo wamo zaidi ya mia mbili. Tulifika kwa gari la kukodi, saa moja u nusu kamili, na Baba Watoto akainua mkono kunionyesha saa yake kwa fahari. Kisha akageuka akaona lango. Familia tatu tatu za vizazi vitatu vitatu, babu kwenye kiti cha magurudumu, mtoto mabegani, vikundi vya watalii kila kimoja na bendera yake na kofia za rangi yake. Nikapendekeza tuweke mabegi kwenye chumba cha mizigo. Akakataa. Kuyarudia kungekula dakika kumi na tano, na hizo dakika karatasi haikuzipa nafasi.

Hapo ningependa kusema tulikwenda moja kwa moja kuwaona panda. Hapana. Binti yetu mkubwa alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga, kwa amri, si kwa ombi, kwamba lazima tumpigie picha Hua Hua. Kwa wasiomjua, Hua Hua ni panda jike aliyezaliwa mwaka 2020, jina lake rasmi He Hua, mfupi, mnene, mviringo, asiyejua sana kupanda miti, na kwa sababu hizo hizo ndiye nyota wa mitandao ya China. Wasanii wetu hawana foleni ya namna ile. Vyuma vilikuwa vimepangwa zigizaga, unakwenda, unarudi, unakwenda, unarudi, na mwishoni mwa yote unaruhusiwa dakika chache tu za kumtazama ili na wengine waone.

Mbele yangu alisimama bibi mmoja aliyekuja amejipanga: kiti cha kukunja, mfuko wa mbegu za alizeti, feni ndogo ya betri shingoni. Alitugeukia, akatutazama kwa makini, akatabasamu, akaita ukoo mzima. Kuanzia hapo panda wakapata ushindani. Tulipigwa picha na bibi, na mabinti wa bibi, na watu wasio wa bibi kabisa. Mtoto mmoja aliuliza kitu, mama yake akaona haya, simu ikatutafsiria kwa Kiingereza kwamba anataka kujua kama kwetu panda wapo. Baba Watoto akajibu kwa heshima zote kwamba kwetu kuna tembo. Na mimi nikakumbuka, lakini sikusema, kwamba mwaka 1415 ndugu zetu wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga mzima mzima kwa merikebu. Barazani pale walimdhani ni mnyama wa baraka wa kwenye hadithi zao. Nikawaza, angalau twiga wetu hakumpangisha mfalme foleni ya zigizaga.

Bibi alipotuona sasa tu jamaa, akatoa mfukoni kibanio cha kichwani chenye masikio mawili meusi ya manyoya, vile vinavyouzwa kila kona ya mahali pale, akamvika Baba Watoto. Mume wangu ana upara. Kibanio kikakaa barabara, kama kilitengenezwa kwa kipimo chake, na kwa kuwa watu walipiga makofi, hakukivua. Tafadhali kiwekeni akilini, kwa sababu yeye alikisahau.

Tulipofika mbele saa ilikuwa imekwenda sana. Nitaeleza nilichokiona kwa Hua Hua bila kuongeza chumvi: mgongo. Mweupe uliochafuka kidogo, umelala upande wa pili wa bonge la mti, unapanda na kushuka taratibu. Mlinzi mwenye kipaza sauti akawa anatusogeza kwa upole. Begi langu likagonga chuma, mifuniko yote ikalia kwa pamoja, watu mia wakanigeukia na vidole midomoni, maana mabango yanataka kimya. Hua Hua hakutikisa hata sikio. Picha tuliyomtumia binti yetu nusu yake ni bega la mtu. Alijibu kwa neno moja, "Jamani."

Karatasi ikasema tumekwisha kufurahi, tuondoke. Tulikuwa njiani kutoka tulipopita uwanja mmoja usio na foleni wala kipaza sauti, na humo kulikuwa na panda mkubwa, hana jina kubwa, anakula. Nikasimama. Nikamwambia Baba Watoto kwamba yeye atangulie na treni, nitamfuata na ijayo.

Mnyama yule alikaa kitako chini, mgongo ameegemeza kwenye jiwe, miguu ya nyuma kainyoosha mbele, na tumbo ndiyo meza. Pembeni yake kulikuwa na lundo la machipukizi ya mianzi. Anachukua moja kwa mkono, na ninasema mkono makusudi, kwa sababu panda ana mfupa wa kifundo uliorefuka ukawa kidole gumba cha ziada, na anakitumia kubana mwanzi. Anaupeleka kwenye pembe ya mdomo, anauma ganda, anazungusha, anavuta; ganda linatoka kwa mlio mkavu na kuangukia tumboni. Anazungusha tena. Likishabaki lile la ndani, jeupe lenye maji, analikata vipande, kwa, kwa, kwa, macho yake yakiwa hayatazami chochote. Kabla hajameza, mkono mwingine umeshashika linalofuata. Maganda yalipojaa tumboni alijikung'uta kidogo, bila kusimama. Nimeona watu wengi wakila muwa stendi ya mabasi, sijaona mwenye utulivu ule.

Baba Watoto naye, pamoja na karatasi yake, akavutiwa. Akaanza kunisomea bango. Panda ni wa jamii ya dubu na tumbo lake bado ni la mla nyama, kwa hiyo mianzi haimnufaishi sana. Sehemu kubwa inaingia na kutoka ilivyo. Ili aishi inambidi ale kilo 12 hadi 38 kwa siku, mpaka saa 14 na zaidi anatafuna, na anajisaidia hata mara 40 kwa siku. Muda unaobaki analala ili asiitumie ile nguvu kidogo aliyoipata. Mtoto wake huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, wakati mama ana kilo 100.

Halafu akafika kwenye mstari uliomgusa. Jike hupata mimba katika siku moja hadi tatu tu za mwaka mzima. Zikipita, mpaka mwakani.

"Siku tatu!" akasema, na sauti yake ikawa na heshima ambayo sikuwahi kuisikia akimpa mwanadamu. "Kwa mwaka! Huyu mnyama anaijua kazi yetu."

Ni bango hilo, wala si mimi, lililotuchelewesha. Nataka hili lieleweke, kwa kuwa nyumbani bado linajadiliwa.

Tulipotazama saa tena, asubuhi ilikuwa imekwisha na panda mmoja baada ya mwingine amelala. Wao huchangamka asubuhi tu. Jua likipanda wanapanda mitini au wanaingizwa ndani kwenye kiyoyozi, na mtu aliyefika saa sita anatazama mianzi. Tukashuka kuelekea langoni mbio, mifuniko inalia, masikio meusi yananesa. Simu ya Baba Watoto ikasema ina asilimia 4.

Msomaji ambaye hajafika China siku hizi huenda asione uzito wa asilimia 4. Kule simu ndiyo pochi, ndiyo ramani, ndiyo mdomo. Muuza machungwa wa barabarani ana karatasi yenye alama za kuskani, na omba omba nasikia naye anayo. Kadi ya benki ilikuwa imeunganishwa kwenye simu moja tu, ya mwenye nyumba. Suluhisho lipo, kila kona: kabati dogo lenye pawabanki za kukodi, unachukua chaji popote unapotaka na kuirudisha popote unapotaka. Unachotakiwa kufanya ni kuskani alama kwa simu. Simu ikafunguka, kamera ikawaka, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kioo kikawa cheusi. Baba Watoto alisimama mbele ya kabati lenye chaji za kutosha mtaa mzima, akaligonga mlango kwa kidole, kwa adabu.

Hapo nikageukia ukuta, nikafungua kibindo. Toka Guangzhou nilikuwa natembea na noti za yuan ndani ya pindo la kanga niliyoifunga chini ya gauni, na toka Guangzhou nilikuwa nachekwa. Nikatoa noti ya mia, nikaipiga mbele yake bila neno. Tulipanda basi dogo hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi, kwa sababu barabara ya magari ilikuwa imesimama kabisa. Njiani nikanunua mikate ya mvuke yenye sura ya panda, kwa mama mmoja aliyeitazama noti yangu kwa mshangao wa mtu aliyeletewa simbi, akahangaika kutafuta chenji kwa majirani watatu. Baba Watoto akataka kujua ndani kuna nini, maana Sichuan nguruwe huingia mahali usipomtarajia, na tulikuwa tumeishi kwa tambi za migahawa ya Waislamu wa Lanzhou, ile yenye kibao cha kijani utakayoikuta karibu kila mji wa China. Simu ilikuwa imekufa, hakuna wa kutafsiri. Nikampasua panda uso. Maharage mekundu yaliyopikwa kwa sukari. Tukala tukisimama.

Kwenye mlango wa treni ya chini ya ardhi kila begi hupita kwenye mashine, kila kituo, kila mara. Asubuhi tulikuja kwa gari, kwa hiyo hatukuijaribu. La Baba Watoto likapita. La kwangu likasimama, likarudishwa, likapita tena, na kijana mwenye glavu nyeupe akaniomba nilifungue. Akatoa mfuniko. Akatoa mfuniko. Akatoa mfuniko mkubwa zaidi. Akatoa visahani, chupa ya chai, na chini kabisa, ndani ya boksi lenye utepe mwekundu, kile kisu kipana cha jikoni cha Kichina, upana wa kiganja na nusu, kinang'aa.

"Hiki cha nani?" nikauliza kwa Kiswahili.

"Alinipa yule mwenye kiwanda siku ya mwisho. Nikakiweka kwako, kwangu kulijaa."

"Kwa hiyo ni chako."

"Ni sampuli, Mama Watoto. Sampuli zote ni zako."

Tulikuja Chengdu kwa ndege, begi likiwa kwenye mizigo ya chini, ndiyo maana halikusumbua mtu. Kwenye treni visu haviruhusiwi, na kijana alilieleza hilo kwa ishara, kwa utulivu mkubwa. Baba Watoto, mtu wa forodha, akaanza kutetea kwa hoja: mzigo wa kibiashara, si wa kutumika, una boksi lake, hata kuchomolewa haujachomolewa. Alitetea vizuri. Alitetea akiwa na masikio ya panda kichwani, na kila alipokaza neno yalitikisika. Kijana alijitahidi kutocheka, akashindwa, akageukia mashine. Kisu kikabaki. Sisi tukaandikishwa, tukasaini, tukapanga upya mifuniko, na ukipanga mifuniko kwa haraka haiingii.

Njia namba 3, kisha namba 7, ndipo stesheni ya mashariki. Ni jengo ambalo uwanja wa mpira ungeweza kupotea ndani yake. Ukaguzi mwingine wa mabegi, pasipoti, ngazi zinazotembea, ukumbi, ubao mwekundu wenye treni mstari juu ya mstari. Wachina huskani vitambulisho na vizuizi vinafunguka. Mgeni akikwama huenda kwa mtumishi aliyesimama pembeni, na mlango hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, uwe umeuona au hujauona. Mimi katika maisha yangu nimengoja treni nyingi. Sikuwa na mazoezi ya treni isiyoningoja. Tulipita wa mwisho kabisa, nyuma yetu mlango ukafungwa, tukashuka jukwaani, na dada mwenye kofia akatuonyesha mlango wa behewa lililo karibu na kupunga mkono kwa nguvu. Tukaruka ndani. Ikaondoka hapo hapo, kwa dakika yake.

Lilikuwa behewa la 3. Viti vyetu, karatasi ilisema, viko la 12. "Si neno," akasema Baba Watoto, uso umerudi na rangi, "tunatembea kwa ndani." Tukatembea. Kwa sababu ya sikukuu njia ilijaa mabegi na watu wa tiketi za kusimama, na begi langu lilimpa kila mmoja salamu yake. La 4, samahani, la 5, samahani, la 6, la 7. Mwishoni mwa la 8 tukakuta ukuta.

Mara nyingi treni ndefu za mwendo kasi ni treni mbili za mabehewa manane manane zilizounganishwa pua kwa pua. Kati ya la 8 na la 9 kuna vyumba viwili vya dereva na hakuna njia. Kondakta, binti mdogo nadhifu, alitueleza hivyo kwa simu yake: tubaki hapo, kituo kinachofuata ni Mianyang, treni itasimama dakika mbili, tushuke, tukimbie mbele, tupande. Akatutazama mabegi. Akarudia, dakika mbili.

Basi tukakaa juu ya mabegi kando ya choo. Lakini kando ya choo ndiko kulikokuwa na bomba la maji ya moto, maana kule abiria hupewa maji ya moto bure, kila behewa, na nilikuwa na chupa mpya ya lita mbili na majani ya chai ya Usambara niliyotoka nayo nyumbani. Nikapika chai. Wenye tiketi za kusimama wakapata, mzee mmoja akatoa karanga, mama mmoja akaushika mfuniko wa sufuria, akaugonga kwa kucha kusikiliza bati, akanitajia bei. Hiyo ndiyo saa pekee ya siku ile ambayo haikuwa na mstari kwenye karatasi, na Baba Watoto alikunywa vikombe vitatu.

Mianyang tulikimbia. Sitaieleza, fikirini mifuniko. Mzee aliyekuwa amesinzia kwenye kiti changu aliamka, akatuona, akahama bila kuulizwa.

Baada ya hapo reli inaingia milima ya Qinling. Njia hii ilifunguliwa Desemba 2017. Kabla yake safari ilikuwa ya zaidi ya saa kumi, sasa ni kama nne, kwa sababu treni haizunguki milima, inaitoboa. Giza, mwanga kidogo, bonde, mto, giza tena. Na milima hiyo ndiyo kwao panda. Hesabu ya kitaifa iliyotangazwa mwaka 2015 ilikuta panda 1,864 porini, wote katika mikoa mitatu ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, na mwaka uliofuata wakatolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka na kushushwa ngazi moja. Hifadhi ya Foping, mojawapo ya zenye panda wengi, ina stesheni yake kwenye reli hii. Sisi tuliovumilia vyuma vya zigizaga kutazama mgongo tulipita chini ya wenyewe halisi kwa kilomita zaidi ya 200 kwa saa, ndani ya giza. Panda niliyemwona Foping ni mmoja. Alikuwa kiti cha dirishani, kalala mdomo wazi, ana upara.

Xi'an tulifika jioni, na njaa. Nyuma ya Mnara wa Ngoma kuna mtaa wa Waislamu, na msikiti ulioanzishwa mwaka 742 wenye mapaa ya Kichina kabisa. Wanaume wenye kofia nyeupe, moshi wa mishikaki, sauti. Kwa mara ya kwanza tangu Guangzhou hatukuuliza nyama ni ya nini. Tukaagiza supu ya kondoo ya mji ule, ambayo kwanza unaletewa bakuli tupu na mikate miwili migumu uimege mwenyewe, vipande vidogo kiasi cha punje ya mahindi, ndipo bakuli lirudi jikoni kumiminiwa mchuzi. Baba Watoto akamega chapu chapu, mapande, akalisukuma bakuli. Mama mwenye mgahawa akalitazama, akatikisa kichwa, akamrudishia. Akamega tena. Akarudishiwa tena, na safari hii mama yule akavuta kiti, akakaa, akamwonyesha kwa vidole vyake, pole pole, kipande kimoja kimoja. Mimi nilishakula nikamaliza. Kabla ya kuinuka, mama yule akanyoosha mkono akamnyoosha Baba Watoto yale masikio, na ndipo mume wangu alipokumbuka.

Ukienda Chengdu, msomaji, lala karibu na lango, ingia mapema lango likifunguka, na mpite Hua Hua uende kwa wale wasio na majina. Watakuwa wanakula mpaka kama saa nne. Chukua chaji yako mwenyewe na noti za kibindoni. Usiende wiki ya Mei Mosi. Na tiketi ya treni kata ya kesho yake, behewa na mlango wako uvijue kabla hujashuka jukwaani.